Mary Anning na Haki ya Kuandikwa Jina

Hotuba kwa wanafunzi, walimu na wazazi, Lindi mjini, katika kuadhimisha Siku ya Kimataifa ya Wanawake na Wasichana katika Sayansi

Assalaam alaykum. Tumsifu Yesu Kristo.

Waheshimiwa viongozi, wazee wetu, walimu wenzangu, wazazi na walezi, na ninyi mabinti na vijana wa sekondari mlioacha vipindi vyenu kuja kutusikiliza.

Nimeombwa nizungumze juu ya mwanasayansi mwanamke aliyevuka mipaka waliyowekewa wanawake wa zama zake. Ningeweza kumchagua Marie Curie, ambaye walimu wengi waliopo hapa wanaweza kumweleza vizuri kuliko mimi. Nimemchagua Mary Anning wa Uingereza kwa sababu alifanya kazi ambayo mkoa wetu una historia nayo kubwa, kazi ya kuchimbua mifupa ya wanyama waliotoweka kabla mwanadamu hajakuwapo duniani. Takriban kilomita 60 kaskazini-magharibi ya mji huu kipo kilima cha Tendaguru, ambako mwaka 1906 mhandisi wa madini Mjerumani, Bernhard Sattler, alikuta mifupa mikubwa imetokeza juu ya ardhi. Kati ya mwaka 1909 na 1913 mamia ya watu wa kusini waliajiriwa na msafara wa makumbusho ya Berlin kuichimba mifupa hiyo, kuifunga na kuibeba kwa miguu hadi bandari ya Lindi, mzigo baada ya mzigo, hata ikafika zaidi ya tani 200. Mjusi mmoja wa kale, yaani dinosaria, aliyeunganishwa kutokana na mifupa hiyo amesimama Berlin hadi leo, urefu wake kwenda juu ukizidi mita 13. Karibu miaka 100 kabla ya msafara huo, msichana mmoja wa pwani ya Uingereza alikuwa ameishika nyundo kwa kazi ya namna hiyohiyo, naye alikuwa na umri wa miaka 12.

Mary Anning alizaliwa tarehe 21 Mei 1799 katika mji mdogo wa Lyme Regis, jimbo la Dorset, kusini mwa Uingereza. Baba yake, Richard, alikuwa seremala ambaye aliongeza kipato kwa kuokota ufukweni visukuku, yaani mabaki ya viumbe wa kale yaliyogeuka mawe, na kuwauzia wageni waliokuja kupunga upepo wa bahari. Wazazi hao walizaa watoto wengi, lakini waliofika utu uzima ni wawili tu, Mary na kaka yake Joseph. Familia ilikuwa ya madhehebu ya Kikristo yaliyojitenga na Kanisa rasmi la Uingereza, na watu wa madhehebu hayo, hata wanaume wao, hawakuweza kupata shahada katika vyuo vikuu vya Oxford na Cambridge. Kusoma na kuandika Mary alifundishwa katika shule ya Jumapili ya kanisa lao, na hiyo ndiyo shule aliyoipata. Mwaka 1810 baba alifariki akaacha madeni, na mjane na watoto wake wakaingia katika orodha ya maskini wanaosaidiwa na parokia. Nawaomba mabinti mliyakumbuke mambo hayo matatu kwa pamoja, yaani ufukara, dini iliyobaguliwa na kuzaliwa mwanamke, kwa sababu wanaoisimulia habari yake mara nyingi hulitaja la tatu peke yake, ilhali yeye aliyabeba yote matatu kwa wakati mmoja.

Magenge ya Lyme Regis ni matabaka ya mawe ya chokaa na ya udongo uliogeuka jiwe, yaliyotuama chini ya bahari karibu miaka milioni 200 iliyopita. Matabaka yetu ya Tendaguru ni machanga kuliko hayo kwa miaka ipatayo milioni 50. Kila majira ya baridi dhoruba huyapiga magenge hayo, ardhi huporomoka, na visukuku vilivyofichwa ndani hutokeza. Huo ndio wakati wa kuvitafuta, maana visipookotwa mapema mawimbi huvivunja au huvichukua. Aliyevitaka ilimlazimu atoke katika baridi kali, apite chini ya genge lililotoka kuporomoka na linaloweza kuporomoka tena, kisha arudi kabla maji hayajajaa. Wanawake wanaochokoa pweza kwenye miamba ya pwani yetu wataielewa kazi hiyo bila maelezo marefu, kwa sababu nao huamka kwa saa ya bamvua, si kwa saa ya ukutani. Mwezi Oktoba 1833 genge liliporomoka ghafla likamfukia na kumuua mbwa wake, aliyekuwa akifuatana naye kazini siku zote, na yeye mwenyewe akanusurika kwa nafasi ndogo mno.

Mwaka 1811 Joseph aliona fuvu lenye urefu wa zaidi ya mita moja, na mwaka uliofuata Mary akaupata mwili uliobaki. Alikuwa mtambaazi wa baharini mwenye umbo linalokaribia la samaki, ambaye baadaye wataalamu walimwita ikthiosauri. Familia iliuza mifupa hiyo kwa paundi zipatazo 23 kwa mwenye ardhi wa eneo hilo, na mwishowe ikafika London, ambako watu walimiminika kuitazama. Kuanzia mwaka 1814 daktari mpasuaji mashuhuri, Everard Home, alichapisha makala za kuieleza mifupa hiyo mbele ya wanasayansi wakubwa wa taifa lake. Hakumtaja Mary. Tena alibabaika asijue kiumbe yule amweke katika kundi gani la wanyama, na jina la ikthiosauri halikutoka kwake.

Mwezi Desemba 1823 Mary alichimbua mifupa kamili ya mnyama mwingine, plesiosauri, mwenye kichwa kidogo na shingo ndefu kupita kiasi. Georges Cuvier wa Paris, bingwa wa elimu ya maumbile ya wanyama katika Ulaya nzima, alipoona mchoro wake alitilia shaka, kwa kuwa mifupa ya shingo ilikuwa mingi kuliko ya mtambaazi yeyote aliyejulikana, akahisi kwamba huenda mtu ameunganisha wanyama wawili. Shaka ya mtu mkubwa kama Cuvier ingeweza kumwondolea Mary riziki yake yote, maana nani angenunua kisukuku kutoka kwa mtu anayedhaniwa kughushi? Chama cha Jiolojia cha London kiliitisha mkutano, wanaume wakajadili, ikathibitika kwamba mifupa ni ya mnyama mmoja na ni ya kweli, na Cuvier akakubali kwamba alikosea. Mwezi Februari 1824 mchungaji na mwanajiolojia William Conybeare alisimama mbele ya chama hicho akamweleza mnyama yule kwa ufasaha mkubwa. Jina la aliyemchimbua, akamsafisha na kumpanga mfupa kwa mfupa halikutamkwa. Mwenyewe hakuwamo ukumbini wala asingeweza kuwamo: chama hicho, kilichoanzishwa mwaka 1807, hakikuwapokea wanawake kuwa wanachama, na hata kuingia kama wageni hawakuruhusiwa.

Hapa ndipo ninapotaka tukae kidogo. Tunapozungumzia vizuizi vya wanawake wa zamani tumezoea kusema kwamba walikatazwa kufanya kazi. Katika habari ya Mary Anning sivyo ilivyokuwa. Hakuna aliyemkataza kutoka alfajiri katika baridi, kubeba kapu la mawe, kugonga mwamba kwa nyundo na tindo, wala kuhatarisha maisha yake chini ya genge. Mwanamke maskini wa Uingereza ya wakati ule aliruhusiwa kazi yoyote ngumu, kama ambavyo mwanamke tajiri aliruhusiwa kukusanya makombe na maua kwa burudani. Kile ambacho hakuruhusiwa yeyote kati yao ni kusimama mbele ya wenye elimu na kusema: nimechunguza, nimefikiri, na hili ndilo nililolipata. Kazi yake ilipokelewa, fedha ndogo akalipwa, lakini fikra zake zikaandikwa kwa majina ya wengine. Hata kwenye makumbusho, kibao kilichowekwa chini ya kisukuku kwa kawaida kilibeba jina la bwana aliyekinunua na kukitoa zawadi.

Wapo waliosema, na wapo wanaosema hadi leo, kwamba Mary alikuwa mwokotaji na mfanyabiashara tu, kwamba sayansi ilifanywa na waliosoma. Sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayeokota tu hapasui samaki na ngisi wa kisasa ili alinganishe viungo vyao na vya visukuku. Mary alifanya hivyo. Hakai usiku kunakili kwa mkono makala nzima za kitaalamu, pamoja na michoro yake, kwa sababu hana fedha za kuzinunua. Mary alifanya hivyo pia. Kulikuwa na vijiwe fulani ambavyo watu wa enzi hizo walivihesabu kuwa ni mawe ya ajabu yanayotoka tumboni mwa wanyama. Mary aligundua kwamba vijiwe hivyo hupatikana mara nyingi ndani ya fumbatio la ikthiosauri, na kwamba vikivunjwa huonekana ndani yake mifupa na magamba ya samaki wadogo. Kutokana na uchunguzi huo, mwaka 1829 William Buckland, mwalimu wa jiolojia wa Oxford, aliueleza ulimwengu kwamba ni kinyesi kilichogeuka jiwe, na ikawa inawezekana kujua wanyama wa mamilioni ya miaka iliyopita walikula nini. Vilevile yeye na rafiki yake Elizabeth Philpot walitambua katika visukuku vya jamii ya ngisi mfuko wa wino uliokauka, wino ambao ulipolowekwa uliweza kuandikia tena. Mwaka 1828 alipata pterosauri, mtambaazi mwenye mbawa, wa kwanza kupatikana nje ya Ujerumani. Kuona uhusiano kati ya vitu ambavyo wengine wameviona mara nyingi bila kuvitambua ndiyo sayansi yenyewe, na hilo Mary alilifanya maisha yake yote. Bibi mmoja wa tabaka la juu, Lady Harriet Silvester, aliyemtembelea mwaka 1824, aliandika katika shajara yake kwamba maprofesa wenyewe wanakiri kuwa binti yule anaielewa elimu hiyo kuliko mtu mwingine yeyote katika ufalme.

Mary hakuolewa, na sheria za wakati wake zinanifanya nilitaje jambo hilo. Mwanamke wa Uingereza alipoolewa, mali yake na mapato yake viliingia mikononi mwa mumewe, na sheria zilizombadilishia hali hiyo zilikuja mwaka 1870 na 1882, muda mrefu baada ya Mary kufa. Mwanamke asiye na mume aliweza kumiliki mali na kufanya biashara kwa jina lake. Mwaka 1826, akiwa na umri wa miaka 27, Mary alinunua nyumba yenye dirisha kubwa la kioo upande wa mbele, akafungua duka la visukuku lililobeba jina la Anning. Sisemi kwamba hiyo ndiyo iliyomfanya asiolewe, kwa maana ya moyoni mwake ni yake. Nasema tu kwamba kibao cha dukani ni mahali pamoja ambapo jina lake lingeweza kuandikwa bila kumwomba mtu ruhusa.

Walikuwapo waliomtendea wema. Mwaka 1820 Luteni Kanali Thomas Birch, mteja wa familia, alipowakuta wanakaribia kuuza samani za nyumbani ili walipe kodi, aliuza kwa mnada visukuku vyake vyote, na mnada ukaingiza paundi 400, akawapa. Mwaka 1830 Henry De la Beche, mwanajiolojia aliyekuwa rafiki yake tangu ujana, alichora picha ya bahari ya kale iliyojaa wanyama ambao Mary aliwachimbua, akauza nakala zake ili mapato yamsaidie. Mwaka 1835, kwa juhudi za Buckland, alianza kulipwa posho ya paundi 25 kwa mwaka. Wema huo ulikuwa wa kweli nami siudharau. Lakini nawaomba wakubwa wenzangu mlitazame jambo hili kwa makini: wanaume walewale waliochangishana fedha ili asife njaa waliendelea kukaa katika chama ambacho mlango wake ulikuwa umefungwa kwake, na kuchapisha makala zilizokuwa na maarifa yake bila kumtaja. Ilikuwa rahisi kwao kumpa sadaka kuliko kumpa haki. Mary aliliona hilo, na katika barua moja alilalamika kwamba dunia imemtendea vibaya kiasi cha kumfanya amshuku kila mtu.

Hata hivyo hakunyamaza. Mwaka 1839 aliandika barua kwa jarida la kisayansi la Uingereza kusahihisha madai yaliyotolewa humo kuhusu papa wa kale aitwaye Hybodus, akieleza kwamba meno yaliyodaiwa kuwa ugunduzi mpya yeye alikwisha kuyajua miaka mingi. Sehemu ya barua hiyo ilichapishwa, na ndiyo maandishi yake pekee ya kisayansi yaliyochapwa alipokuwa hai. Mwaka 1844 mfalme wa Saxony alifika Lyme Regis akaingia dukani kwake. Daktari wa mfalme, Carl Gustav Carus, alimwomba amwandikie jina na anwani katika daftari lake ili wasimsahau. Mary akaandika jina lake, akamrudishia daftari huku akimwambia kwamba anajulikana Ulaya nzima. Wapo wanaoona kuwa maneno hayo yalikuwa ya majivuno, kwa mwanamke mwenye duka dogo kumwambia hivyo daktari wa mfalme. Mimi nayaona kuwa ni taarifa sahihi, iliyotolewa na mtu ambaye kwa miaka 30 na zaidi alikuwa akingoja mtu mwingine aitoe kwa niaba yake, na hakuna aliyeitoa kikamilifu.

Alifariki tarehe 9 Machi 1847 kwa saratani ya matiti, akiwa na umri wa miaka 47. Mwaka uliofuata De la Beche, ambaye sasa alikuwa rais wa Chama cha Jiolojia, alisoma mbele ya wanachama hotuba ya kumkumbuka, heshima ambayo chama hicho hakikuwahi kumpa mwanamke. Wanawake wa kwanza walikubaliwa kuwa wanachama kamili mwaka 1919, miaka 72 baada ya kifo chake.

Sasa turudi kwetu, kwa sababu habari ya Lyme Regis ina ndugu yake hapa Lindi. Kule Tendaguru msimamizi mkuu wa wachimbaji alikuwa Boheti bin Amrani, ambaye ujuzi wake wa kuibua mfupa uliopasuka bila kuuvunja zaidi Wajerumani waliutegemea. Makala za kitaalamu ziliandikwa na Werner Janensch na wenzake, na ilipofika mwaka 2007 ndipo dinosaria mmoja wa Tendaguru alipopewa jina la Australodocus bohetii ili kumkumbuka Boheti. Wafanyakazi wengi wa kambi ile walikuja na familia zao, na maisha ya kambi hayangewezekana bila wanawake waliotwanga nafaka na kuchota maji. Majina yao hayamo katika vitabu nilivyosoma. Mwanamke wa Tendaguru ambaye jina lake tunalo ni Ina Reck, mke wa mwanajiolojia Hans Reck aliyesimamia kazi mwaka 1912, naye tunalo kwa sababu aliandika na kuchapisha habari za kambi hiyo kwa mkono wake. Alikuwa na elimu, kalamu na mchapishaji. Bibi zetu walikuwa na kazi.

Ndiyo maana naogopa ninapoingia katika maabara za shule zetu. Nimeona mara nyingi wanafunzi wanapogawanywa kwa makundi wakati wa mafunzo kwa vitendo, mvulana hushika pipeti na betri, na msichana huambiwa aandike matokeo kwa kuwa mwandiko wake ni mzuri, kisha aoshe vyombo. Mary Anning aliachiwa nyundo akanyimwa kalamu. Binti huyu ameachiwa kalamu akanyimwa chombo, na anayoyaandika si matokeo yake bali ni ya aliyeshika chombo. Namna zimebadilika, lakini katika zote mbili mtu mmoja amekatwa nusu, na nusu iliyobaki haiwezi kumfanya mwanasayansi.

Kwa wazazi nina neno moja. Nimewasikia baadhi yenu mkisema kwamba jiolojia haimfai mtoto wa kike kwa kuwa ni kazi ya kutembea porini. Binti huyohuyo mmempeleka porini kutafuta kuni tangu akiwa darasa la pili, na shambani kwenye mikorosho amekwenda peke yake, wala hamkuona hatari. Akitaka kwenda porini akiwa na dira, ramani na nyundo, ndipo pori linapogeuka kuwa la wanaume? Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha jiolojia na kinafundisha akiolojia, na mifupa ya Tendaguru iliyobaki ardhini inawahitaji wataalamu waliozaliwa karibu nayo.

Kwa mabinti, anzeni na daftari. Ukiona jiwe lenye umbo la kombe au la mfupa, usilichimbue, kwa sababu visukuku vinalindwa na Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964. Tena kisukuku kilichong'olewa bila kumbukumbu hupoteza sehemu kubwa ya maana yake. Lichore, andika tarehe, mahali, na aina ya udongo au mwamba uliolizunguka, weka jina lako kamili chini ya mchoro, kisha mpelekee mwalimu atoe taarifa kwa ofisi inayohusika. Jina lako liandike kila mara, hata kama unaona ni jambo dogo.

Na kwa walimu wenzangu wa fizikia, kemia na baiolojia, ombi langu ni kwamba kuanzia muhula huu zamu za kushika vifaa na zamu za kuandika zibadilishwe katika kila jaribio, ratiba yake ibandikwe mlangoni mwa maabara ili mwanafunzi aweze kudai zamu yake, na kila ripoti ionyeshe nani alipima na nani aliandika. Haihitaji bajeti wala kibali kutoka makao makuu.

Asanteni kwa kunisikiliza. Nimeambiwa tuna muda wa maswali, naomba tuanze na mabinti walioketi safu za nyuma.